Sura ya Saba: Oili Nyekundu, Udongo Mwekundu

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Ilifanana na harufu ya maharage yaliyoshika chini ya chungu, na kwa kuwa moshi wa jioni ulikuwa unapanda kutoka kwenye mapaa ya kando ya barabara, nilidhani kuna nyumba ambayo mama ameacha jiko akaenda kisimani. Nilikuwa natoka mashamba ya upande wa Mtabila narudi Kasulu mjini. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Gari lilikuwa Prado la gia otomatiki, nyuma kuna magunia matano ya maharage, na mbele kuna kilima ambacho wakati wa kiangazi hupandwa hata na baiskeli za kusukuma zilizobeba mikungu ya ndizi.

Nilikipanda kwa D, magurudumu yote manne yakivuta, mguu umezama kwenye akselereta. Spidi haikuzidi kilomita 15 kwa saa. Tope la kule ni la udongo mwekundu wa mfinyanzi, na likishalowa gurudumu huzunguka mara tatu ili lisogee mara moja. Hatua chache kabla ya kilele injini ilinguruma, gari likasimama. Nikakanyaga zaidi, ikanguruma zaidi, gari halikusogea hata shubiri. Halafu moshi mweupe ukatoka chini ya sakafu. Muda wote huo sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imetulia katikati.

Baada ya nusu saa gizani niliwasha tena na gari likaondoka kama kwamba halikuwa na tatizo. Nilifika mjini. Asubuhi nikalipeleka kwa fundi, kijana ninayemwamini, ambaye hakugusa injini wala hakuuliza juu ya moshi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha.

"Mzee, hii inatakiwa iwe na rangi ya juisi ya rozela. Angalia ilivyo."

Ilikuwa nyeusi kama kahawa ya jioni, na ilikuwa na ile harufu ya chungu.

"Ulipanda na gia gani?"

"D."

"Transifa ilikuwa H4 au L4?"

"H4."

Alinyamaza kidogo, akichagua maneno. "Usinielewe vibaya, mzee wangu. Jua halikuichoma hii. Mguu wako ndio uliokuwa kuni."

Nimeendesha magari katika nyanda hizi kwa miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lenye manufaa kuliko hilo. Sura hii yote ni maelezo yake.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini wengi wetu hatukulijua. Barabara za Kasulu na Kibondo zililelewa na kambi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, watu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Kigoma, na kambi zikaenea kwenye misitu ya miombo: Mtabila na Muyovosi, Nduta, Mtendeli, kisha Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Wahudumu wa mashirika walikuja na Land Cruiser za hadtopu, zile za mfululizo wa 70, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 na giaboksi ya mkono yenye gia tano. Vijana wetu walijifunzia udereva kwenye magari hayo, na mafundi wetu walijifunzia ufundi chini yake. Mtabila ilipofungwa Desemba 2012, na zaidi ya watu 30,000 kurudishwa Burundi kwa misafara ya mabasi na malori katika majuma machache, hadtopu nyingi ziliondoka. Eneo likachukuliwa na Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi cha 825 KJ. Ujuzi uliobaki kwa madereva wetu ulikuwa ujuzi wa klachi.

Klachi haifichi maumivu yake. Ukiitesa mlimani inatoa harufu papo hapo, pedali inabadilika mguuni, na dereva anajua kwamba anaunguza kitu chenye bei. Giaboksi ya otomatiki huvumilia bila kusema. Nayo sasa ndiyo iliyotufikia: Prado, Harrier, Surf na Land Cruiser VX zilizotumika Japani, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, zikanunuliwa na wafanyabiashara, walimu, waganga na wachungaji. Lami kutoka Kidahwe hadi Kasulu imezileta, na mradi wa kilomita 260 wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unazidi kuzileta. Ila hakuna anayeishi juu ya lami. Shamba, kanisa, shule na nyumba ya mama mkwe viko kilomita nane au ishirini nje ya lami, juu ya kilima.

Sasa turudi kwenye zile kuni.

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna chombo cha mviringo, kinene kama boga, ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake kumejaa oili. Upande wa injini una mapanga yanayoisukuma oili kwa nguvu, na upande wa giaboksi una mapanga mengine yanayoipokea. Katikati kuna gurudumu dogo linaloigeuza oili inaporudi, ili isukume tena na kuzidisha nguvu gari linapoanza kuondoka. Vyuma vya pande mbili havigusani. Nguvu yote ya gari inapita ndani ya oili. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na alilikusudia kwa meli. General Motors walianza kuuza giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwenye magari ya Oldsmobile, nao Toyota walitoa Toyoglide yao mwaka 1959.

Ukitaka kuelewa konveta, msimamie mtu anayesonga ugali wa muhogo. Mwiko unazunguka, na ugali ukishakuwa mzito sufuria nayo inataka kuzunguka. Ndiyo maana msongaji huibana kwa miguu au kwa mti. Nguvu ya mwiko imepita ndani ya ugali ikafika kwenye sufuria, ingawa mwiko haujagusa ukingo. Mwiko ni injini, sufuria ni magurudumu. Sufuria ikiachwa izunguke, jasho la msongaji linakuwa mwendo. Ikibanwa isizunguke huku mwiko unaendelea, jasho lote linaishia ndani ya ugali wenyewe. Kwenye konveta kuishia huko maana yake ni joto. Nguvu haipotei, na kama haikuwa mwendo lazima iwe kitu kingine.

Tofauti ya kasi kati ya mwiko na sufuria ndiyo ninayoiita mtelezo. Kwenye lami, ukiwa gia ya juu na mwendo mzuri, mtelezo ni mdogo, na kwenye konveta za kisasa kuna klachi ndogo ya ndani inayojifunga na kuziunganisha pande mbili kabisa, mtelezo ukawa sifuri. Klachi hiyo hujifunga gari likiwa limeshika kasi. Kwenye kilima chenye tope, kwa kilomita 15 kwa saa, haijifungi. Mtelezo unabaki mkubwa kutoka chini hadi juu.

Nilikaa siku moja na kalamu nikapiga hesabu ya kilima changu. Tuseme injini ilikuwa inatoa kilowati 60, na konveta ilikuwa inapitisha asilimia 70 ya nguvu hiyo. Kilowati 18 zinabaki ndani ya oili. Jiko la umeme la sahani moja ni kilowati mbili hivi, kwa hiyo ni sawa na kuwasha majiko tisa chini ya sufuria moja yenye lita kumi za oili. Bila kitu cha kuipoza, oili hiyo ingepanda karibu nyuzi moja ya Selsiasi kila sekunde. Chuma cha giaboksi nacho hunywa sehemu ya joto, na kipozeo hutoa sehemu nyingine, kwa hiyo hali halisi haiwi kali hivyo. Lakini kilima cha kilomita mbili kwa mwendo ule huchukua dakika nane, na dakika nane zina sekunde 480.

Oili ya giaboksi hufanya kazi yake vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Ikipita 120 huanza kuharibika: inaungana na hewa, inaacha utando kama vanishi kwenye vijia vyembamba vya valvu, na viungo vyake vya kulinda msuguano vinachoka. Ikiendelea kupanda, sili za mpira zinakakamaa, na mwishowe sahani za msuguano zinaungua. Mafundi wengi duniani hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi kumi hivi za ziada hukata nusu ya umri wa oili. Kanuni hiyo si sheria ya kimahakama, lakini inaonyesha mwelekeo: oili ambayo ingedumu kilomita 80,000 ikitunzwa baridi inaweza kufa kwenye kilima kimoja. Gari langu lilikataa kusogea kwa sababu oili iliyochemka huwa nyepesi na yenye povu, na povu halina uwezo wa kusukuma sahani za klachi zikabana. Ilipopoa likatembea, nami nikadhani limepona.

Kuhusu sindano iliyotulia katikati: ile hupima joto la maji ya injini tu. Baadhi ya Land Cruiser zina taa ndogo iliyoandikwa A/T OIL TEMP au A/T TEMP, na ikiwaka gari lazima lisimame. Ila taa hiyo huwaka wakati madhara yamekwishaanza, na kwenye gari la miaka ishirini balbu yake inaweza kuwa imekufa siku nyingi. Washa swichi bila kuwasha injini. Kama taa hiyo haiwaki kwa muda pamoja na wenzake, ujue mlinzi wako amelala.

Oili moto hupelekwa wapi? Bomba jembamba huitoa kwenye giaboksi na kuipeleka mbele ya gari, ndani ya rejeta. Kwenye tangi la chini la rejeta kuna kipozeo kilichozama ndani ya maji ya injini. Oili inapita humo, inaachia joto majini, inarudi kwa bomba la pili. Mpango huu una akili, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai, ambapo Kasulu kunakuwa na baridi ya kuvaa sweta, maji ya injini huipasha oili moto haraka. Lakini una maana nyingine ambayo wenye magari huisahau: afya ya giaboksi inategemea afya ya rejeta. Maji yakiwa nyuzi 100, oili haiwezi kutoka humo ikiwa na nyuzi 80.

Na rejeta katika nyanda hizi ina kazi ngumu kuliko ya pwani. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, nazo nyanda za Kasulu, Buhigwe na Kibondo ziko kati ya mita 1,200 na 1,700. Hewa ya Kasulu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, maana yake kila mzunguko wa feni unapitisha hewa pungufu ya kubebea joto. Maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 au 96, si 100. Ndani ya rejeta hayachemki mapema hivyo kwa sababu mfuniko hushikilia shinikizo na kukipandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Basi mfuniko uliochoka springi, au ule niliouona kwenye gari moja pale stendi ukiwa umefungwa kwa mpira wa tyubu, unairudisha rejeta kwenye nyuzi 95. Mfuniko mpya ni ununuzi mdogo kuliko wote katika sura hii, nami ningeanza nao.

Pamoja nao, tuache kung'oa thamostati. Najua kwa nini tunaing'oa: gari limechemka, fundi hana mpya, anatoa ya zamani, gari linapoa, tunashukuru. Lakini injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na tatizo la kweli, rejeta iliyoziba au klachi ya feni iliyokufa, linabaki palepale likingoja kilima kirefu. Klachi ya feni ina mafuta mazito ya silikoni ndani. Yakivuja, feni huzunguka kivivu hata kukiwa na joto kali. Injini ikiwa moto, ukaizima, kisha ukaisukuma feni kwa kidole ikazunguka huru kama ya mtoto ya karatasi, imekwisha. Na maji ya kisimani tunayojazia kwenye rejeta mwaka mzima badala ya kulanti yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayokitoboa kile kipozeo kilichozama. Hapo ndipo msiba mkubwa kuliko wote hutokea: maji na oili vinachanganyika. Ukichomoa kijiti ukakuta rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, usiwashe gari tena hata kulisogeza kivulini. Sahani za msuguano zimegundishwa kwa gundi, na gundi hiyo haivumilii maji.

Nimefika kwenye lile ambalo fundi wangu alikuwa analiuliza. Prado na Land Cruiser zenye transifa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, zina nafasi mbili, H4 na L4. Wengi wetu tunaichukulia L4 kama ya kutokea shimoni, ya aibu kidogo, inayotumika gari likishakwama. Sivyo ilivyokusudiwa. L4 inaongeza uwiano wa gia kwa karibu mara mbili na nusu. Injini ikizunguka kwa kasi ileile, magurudumu yanazunguka polepole mara mbili na nusu, yakiwa na nguvu mara mbili na nusu. Kwa upande wa konveta, hiyo ni sawa na kuachia sufuria iliyokuwa imebanwa. Mzigo unaokaa juu yake unapungua, upande wa giaboksi unazunguka karibu sawa na upande wa injini, mtelezo unashuka, na joto linashuka nao. Zaidi ya hapo, injini inayozunguka vizuri inazungusha pampu ya oili na feni kwa kasi nzuri, kwa hiyo oili inasafiri haraka kwenda kupozwa na inakutana na upepo.

Kwa hiyo L4 inawekwa chini ya kilima, kwenye tambarare, gari likiwa limesimama na giaboksi iko N. Kisha unaingiza L au 2, unapanda kwa mguu mmoja usiobadilika, bila pupa. Kilima kilekile nilichokipanda kwa dakika nane nikiunguza oili, kwa L4 nakipanda kwa dakika tisa. Dakika moja ndiyo bei yake.

Kuna tabia tatu zinazopika oili hata ukiwa na L4. Ya kwanza ni kulishikilia gari mlimani kwa akselereta badala ya breki, wakati unamsubiri mwenye ng'ombe apite: sufuria imebanwa, mwiko unazunguka. Ya pili ni kukanyaga kwa nguvu zote wakati gari limezama hadi kwenye ekseli. Likishazama, jembe na mbao zina kazi kuliko injini. Ya tatu ni kurusha lever D, R, D, R ili gari lijibembeze litoke. Mara mbili tatu kwa upole, sawa. Mara ishirini ni kuziua klachi za ndani, maana kila mgeuko unazibana sahani zikiwa zinazunguka kinyume.

Ukifika kileleni na unahisi umeitesa, usizime injini. Ukizima, pampu inasimama, oili moto inabaki imekaa juu ya sili na sahani. Weka N, vuta handibreki, weka jiwe nyuma ya gurudumu, iache injini ikizunguka kidogo juu ya sailensa kwa dakika tatu hadi tano. Oili inapita kwenye rejeta, feni inafanya kazi, joto linatoka. Vijana wa kusukuma magari kwenye tope wameshaniuliza mara nyingi kwa nini nimekaa tu na gari linaunguruma. Nawaeleza, na wawili kati yao sasa wanawaeleza madereva wengine.

Na kama gari limekufa kabisa na trekta limepatikana: usikubali livutwe magurudumu yakiwa chini huku transifa imeunganishwa. Pampu ya oili inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, giaboksi inazunguka kavu. Kwenye magari yenye lever ya transifa yenye N, iweke hiyo N, hapo giaboksi inatengwa na magurudumu, kisha uvutwe taratibu na kwa umbali mfupi hadi panapofika lori la kubebea. Kwa sababu hiyohiyo ya pampu, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, hata wangekuja wanakijiji wote.

Baada ya mkasa wangu niliweka kipozeo cha pili. Kuna aina ya mabomba yenye mapezi na kuna aina ya sahani zilizopangwa kama chapati. Ya sahani hupoza vizuri zaidi kwa ukubwa uleule, na ndiyo niliyoichagua. Inakaa mbele ya rejeta, mahali penye upepo. Mpangilio unaonifaa ni huu: oili inatoka giaboksi, inapita kwanza kwenye kipozeo cha zamani ndani ya rejeta, ndipo inakwenda kwenye kipozeo cha pili, halafu inarudi nyumbani. Hivyo asubuhi inapashwa, na mchana kazi ya mwisho inafanywa na upepo. Fundi wangu alitaka kukifunga kwa zile nyuzi za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta, nikamwomba atengeneze vishikio vya chuma. Barabara zetu zinatikisa, na plastiki inayosuguana na mapezi hutoboa rejeta ndani ya msimu mmoja. Mpira wa kuunganishia uwe wa oili ya giaboksi, wenye uwezo wa kuhimili joto na shinikizo. Mpira wa maji unavimba na kupasuka, na lita kumi hutoka njiani kabla dereva hajagundua. Niliongeza pia geji ya joto la oili, sensa yake ikiwa kwenye bomba la kutokea, ambako oili ni moto kuliko mahali pengine. Kwa maoni yangu mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue geji kwanza. Kipozeo bila geji kinakupa matumaini, na matumaini yana njia ya kuongeza mguu.

Kuhusu oili yenyewe nitasema kwa ufupi. Land Cruiser na Surf za zamani zilitaka Dexron, zilizofuata zilitaka Type T-IV, na mpya zaidi hutaka WS. Hazibadilishani ovyo. Jibu liko kwenye kijiti chenyewe au kwenye kitabu cha gari. Ile inayopimwa kutoka pipani na kuitwa haidroliki kwa kila kitu, kuanzia usukani hadi tingatinga, usiiweke. Kijiti husomwa gari likiwa tambarare, oili ikiwa moto, injini inaunguruma, baada ya kupitisha lever kwenye nafasi zote na kuirudisha P. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa, maana gia zinaipiga oili ikawa povu. Prado nyingi za kizazi cha 120 zenye gia tano hazina kijiti. Zinapimwa kwa tundu la chini wakati oili iko kati ya takriban nyuzi 45 na 55, na fundi asiye na kipimajoto hawezi kuifanya kazi hiyo kwa kukisia. Na ukimwaga oili kwa nati ya chini hutoki nayo yote, kwani sehemu kubwa inabaki ndani ya konveta. Mimi humwaga mara tatu, nikiendesha kidogo katikati, na kwa barabara hizi nafanya hivyo kila kilomita 40,000 bila kujali maneno ya kwamba oili hiyo ni ya maisha.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule wa tatu, nilirudi kwenye kilima kile na magunia. Nilijaribu kwanza kwa H4, macho kwenye geji. Karibu na nusu ya kilima sindano ilikuwa imefika 118 na inaendelea. Nikasimama pembeni, N, dakika nne, ikashuka. Nikarudi chini kinyumenyume, nikaweka L4. Kileleni geji ilisoma 94, na akina mama waliokuwa wanateremka na majembe begani walinipungia mkono kwa sababu nilikuwa naenda polepole kiasi cha kusalimiana nao.

Kuna kazi moja imebaki, ya kila mwaka. Mvua za kwanza zikidondoka, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kumbikumbi hutoka ardhini jioni moja kwa mamilioni. Watoto wanawakimbiza na ndoo, na magari yanapita katikati yao taa zikiwa zimewaka. Mabawa yao ni mepesi kama karatasi ya sigara na yananasa kwenye mapezi ya kipozeo, kisha tope la kwanza linayaziba juu. Katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki, hujikusanya mkeka mzima wa mabawa, mbegu za nyasi na udongo. Natoa boneti, nafungua skrubu za juu, nainamisha kondensa mbele kidogo, namwagia maji ya bomba yasiyo na presha kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa sababu presha ya kuoshea magari hulaza mapezi. Yanayobaki nayatoa kwa brashi laini ya viatu. Msimu uliopita mabawa yalijaa bakuli la chai.